Tujenge Lumuma Bila Kuuchoma Mlima

Ukipita vijiji vya Kilosa masika yakishaisha, kuna kitu utakiona kila uendako. Kando ya barabara, uani kwa watu, nyuma ya shule na pembeni mwa zahanati kumelundikwa matofali. Mengine bado mabichi, yamefunikwa nyasi ili jua lisiyapasue. Mengine yameshapangwa kuwa tanuri, matundu ya moto yameachwa chini, na magogo yamerundikwa kando yakisubiri siku. Usiku moto unaonekana kutoka mbali. Baada ya siku kadhaa tanuri limepoa, watu wanapakua, na kijiji kinaelekea kupata nyumba nyingine.

Furaha ya mwenye tanuri naielewa. Mkulima wa vitunguu kule Lumuma akipata bei nzuri sokoni, jambo analolifikiria mara tu baada ya ada ya watoto ni kuondoka kwenye nyumba ya miti na udongo. Anataka ukuta usioliwa na mchwa, ukuta ambao hatalazimika kuukandika upya kila mvua zikipita. Nani atamlaumu? Tangu tupate Uhuru tunahimizana kuwa na nyumba bora, na mtu anayejenga kwa jasho lake, bila mkopo wa benki, tofali moja baada ya jingine, anastahili heshima.

Lakini magogo yale yametoka wapi?

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusipotezeane muda. Kuchoma matofali kwa kuni katika milima kama ya Lumuma ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Serikali, kuanzia na Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa, iache kujenga madarasa, zahanati na ofisi kwa tofali lililochomwa kwa magogo ya msituni. Ihamie kwenye tofali la udongo lililochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, na ifanye hivyo kabla ya kumgusa mwananchi kwa amri wala faini. Udongo upo, ujuzi upo, na mlima hauwezi kutusubiri.

Kinachokatwa juu hulipwa bondeni

Lumuma iko magharibi mwa wilaya ya Kilosa, kwenye milima ya Rubeho, inapopakana na Mpwapwa. Jina ni moja lakini kata ni mbili, moja ya Morogoro na nyingine ya Dodoma. Rubeho ni sehemu ya Tao la Mashariki, ile safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara na Uluguru, na kuishia Udzungwa. Mto Lumuma unatoka huko juu, unanywesha mashamba kwa mifereji, kisha maji yake yanateremkia bonde la Mkondoa. Mkondoa unapita Kilosa mjini na kwenda kuwa sehemu ya mto Wami, na Wami unamwaga maji yake Bahari ya Hindi, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Tuliangalie jambo hili kwa macho ya mwenye shamba. Mti ukiwepo mlimani, mvua inapokelewa na majani, inadondoka taratibu, inanywewa na mboji na mizizi, na maji yanatoka kwenye chemchemi hata mwezi wa tisa na wa kumi, wakati kitunguu kinapoyahitaji. Mti ukiondoka, mvua ileile inaupiga udongo ukiwa uchi. Maji hayazami, yanakimbia, na yanapokimbia yanabeba udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, banio la mfereji linajaa mchanga na mawe, na wanakijiji wanaitana na majembe na sepeto kwenda kulizibua. Kiangazi kikifika, walio mwishoni mwa mfereji wanagombania maji usiku. Watu walewale waliouza kitunguu ili wajenge ndio wanaokosa maji ya kukuzia kitunguu cha mwaka unaofuata.

Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema. Katika bonde hili wa kwao ni wengi, na wengi wao hawajawahi kufika Lumuma.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mvua kubwa iliujaza Mkondoa mpaka ukavunja tuta lililokuwa likiukinga mji wa Kilosa. Nyumba zilizolewa, mazao yakaondoka na maji, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ilikatika vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Kwa miezi kadhaa abiria wa Kigoma na Mwanza wakawa wanasafiri kwa basi hadi Dodoma ndipo wapande treni. Na haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Kipande hicho cha reli, kinachofuatana na mto kama watu wawili wasioachana, kimekuwa kikirekebishwa na kuzolewa tena kwa miaka mingi.

Sisemi tanuri la tofali ndilo lililoleta mafuriko yale. Bonde hili linapokea maji ya mto Kinyasungwe kutoka Dodoma, ambako mifugo mingi na kilimo vimeuchosha udongo kwa muda mrefu. Kuna mkaa, kuna mashamba yaliyopandishwa kwenye miteremko mikali bila makingamaji, kuna bustani zilizosogezwa hadi ukingoni mwa mto. Sababu ni nyingi na zimeshikana. Ila katika sababu hizo zote, ipi ambayo Serikali yenyewe inaiendesha kwa fedha zake, kwenye miradi yake, chini ya usimamizi wa wahandisi wake? Ni tofali. Kwa hiyo ndiyo rahisi zaidi kuiacha.

Angalia reli ya kisasa. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo. Ukiipanda, pale Kilosa inakuingiza kwenye mahandaki, unatoka upande wa pili wa mlima, unaingia tena. Wahandisi walijua historia ya mto ule, wakaipandisha njia na kutoboa miamba. Nchi ilikuwa na uwezo wa kuukwepa Mkondoa, na ilifanya vizuri. Lakini mama anayeishi Mkwatani au Magomeni, pale Kilosa mjini, hana handaki la kupitia. Yeye anasikiliza mvua usiku na kuhesabu watoto.

Mwalimu alituonya nusu

Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika tathmini ya safari ya Ujamaa. Ndani yake alilalamikia uraibu wetu wa saruji na bati. Alishangaa kwamba watu waliokuwa na udongo mzuri mlangoni walikataa kujenga kwa tofali la kuchoma na vigae, wakakaa miaka wakisubiri saruji ya dukani, na akasema huko ni kupooza kwa akili. Ilikuwa ni miaka michache tu baada ya operesheni ya vijiji, mamilioni ya watu walikuwa wamehamishiwa kwenye makazi mapya, na wote walihitaji kuta na paa kwa wakati mmoja.

Kuhusu saruji nadhani Mwalimu alisema kweli, na maneno yake yanatuhusu hadi leo. Nchi haiwezi kujengwa kwa kumfanya kila mwanakijiji asubiri mfuko wa saruji upande mlima kwa lori. Ila ushauri wa kuchoma matofali ulitolewa wakati Tanzania Bara ina watu wasiofikia milioni 20. Sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni 61 nchi nzima. Msitu uliotosha kuchomea matofali ya vijiji vya wakati ule hautoshi kuchomea ya sasa, kwa sababu kila kijana anayeoa anataka nyumba yake na kila kitongoji kinataka shule yake.

Tena babu zetu wa Usagara, Ukaguru na Ugogo hawakuchoma kitu. Walijenga tembe: ukuta mnene wa miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo juu. Wasafiri waliopita njia ya misafara kuelekea Ujiji katika karne ya 19 walizikuta na kuziandika. Tembe ilikuwa na kasoro zake, ilikuwa na giza na mchwa waliila, wala simwombi mtu arudi humo. Lakini mchana wa jua kali ndani kulikuwa na ubaridi, na usiku wa baridi ya mlimani kulikuwa na joto. Linganisha na chumba cha bati tupu kisicho na dari, mwezi wa saba, Lumuma. Watoto wanatetemeka usiku, mchana wanatokwa jasho darasani, na mvua ikinyesha mwalimu anaacha kufundisha kwa sababu ya kelele. Tumepata ukuta unaodumu, tukapoteza utulivu ambao udongo mnene ulikuwa ukitupa bure.

Tanuri kwa karibu

Hebu tulisogelee tanuri lenyewe. Udongo unachimbwa, unalowekwa, unakanyagwa, unatiwa kwenye kibao na kufyatuliwa chini. Matofali yanaanikwa, yanageuzwa, kisha yanapangwa tanuri na kukandikwa tope nje ili joto lisitoroke. Kuni zinaingizwa kwenye matundu na moto unachochewa mchana na usiku, siku mfululizo, kwa sababu udongo hauwi tofali imara mpaka joto lipite nyuzi 800 za Sentigredi. Kuni za kuokota haziwezi kazi hiyo. Yanatakiwa magogo mazito, yenye moto unaokaa. Ndiyo maana miti mikubwa ndiyo inayotangulia kuondoka.

Kisha muulize fundi yeyote wa kijijini juu ya siku ya kulifungua tanuri. Atakwambia matofali ya katikati, yaliyokuwa karibu na moto, mengine yameungua mpaka yakajikunja na kushikana. Ya pembeni na ya juu yamebaki mekundu kwa nje, ndani mabichi, ukiyaloweka yanamomonyoka. Yaliyo sawa kabisa ni yale yaliyo kati ya makundi hayo mawili. Na kwa kuwa hakuna tofali lililolingana na mwenzake, kila mstari wa ukuta unahitaji udongo au saruji nyingi ya kujazia, na mwishoni unahitaji lipu nene ya kuficha mapindo. Kwa hiyo mwenye nyumba anamlipa mkataji, anamlipa mwenye trekta, anawalipa walinzi wa moto, anapoteza matofali yaliyoharibika, halafu bado anakwenda dukani kununua saruji. Tunaendelea kuliita tofali la kuchoma kuwa la bei nafuu kwa sababu bei ya mti mlimani tunaiandika sifuri.

Tofali lisilohitaji moto

Njia nyingine ipo, na haijatoka mbali. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, ambao mizizi yake ni kitengo cha utafiti wa ujenzi cha miaka ya 1970, umefundisha kwa miaka mingi utengenezaji wa matofali ya kufungamana. Hapo jirani Uganda, Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliyafanyia kazi matofali ya aina hiyo hadi akapata yenye mapindo, yanayojengea matangi ya maji ya mviringo.

Kazi yake ni hii. Unachimba udongo wa chini, si ule wa juu wenye mboji. Unauchekecha. Unauchanganya na saruji kidogo, kati ya sehemu 5 na 10 kwa kila 100 kulingana na udongo wenyewe, na maji ya kunyunyizia tu, mpaka ukifinya donge mkononi linashikana bila kulowanisha kiganja. Unatia kwenye mashine ya chuma, watu wawili wanaubana mkono wa mashine, tofali linatoka likiwa na meno juu na mashimo chini. Unalipanga kivulini, unalifunika, unalimwagilia maji kwa wiki moja au zaidi, unaliacha likomae. Basi. Hakuna gogo, hakuna moto, hakuna moshi unaowaingia watoto kifuani.

Ukutani meno yanaingia kwenye mashimo, na tofali linakaa juu ya mwenzake bila saruji katikati, isipokuwa kwenye mstari wa kwanza, kwenye lenta na sehemu chache za kufungia. Ukuta unanyooka wenyewe. Nje huhitaji lipu kama umejenga msingi wa mawe uliopanda vizuri na umeacha upenu mpana wa kuzuia mvua. Hapo ndipo saruji iliyotumika kwenye tofali inapojilipa.

Udongo wa kufaa unajulikanaje? Kuna vipimo vya maabara, lakini kuna kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani. Chukua chupa ya plastiki yenye maji, tia udongo hadi theluthi moja, tikisa kwa nguvu, iache mpaka kesho yake. Mchanga utakuwa umekaa chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa ndio mwingi na mfinyanzi ukawa kidogo wa kutosha kushikanisha, udongo wako ni mzuri. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka. Hapo unaongeza mchanga. Ni elimu ya saa moja, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuwafundisha wazazi wake.

Wanaosema haiwezekani

Nasikia hoja nne, na si za kupuuzwa zote.

Ya kwanza ni kwamba mashine ni ghali kwa mtu mmoja. Ni kweli, na ndiyo maana mtu mmoja asiinunue. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizi mara nyingi zinaishia kwenye bodaboda na mashine za kusaga. Kwa nini kikundi cha vijana wa Lumuma kisikopeshwe mashine mbili za matofali, na halmashauri yenyewe ikawa mteja wake wa kwanza? Kijana ambaye leo analipwa kwa kukata gogo atalipwa kesho kwa kufyatua tofali, tena karibu na kwao, bila kujificha na mgambo.

Ya pili: mafundi hawaijui kazi. Chuo cha VETA kipo Mikumi, wilaya hiihii. Mafunzo mafupi kwa mafundi wawili wa kila kata si mzigo wa kuishinda halmashauri.

Ya tatu ni kwamba saruji nayo inachafua. Hii ni hoja nzito, maana utengenezaji wa saruji duniani unakadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Lakini nyumba ya tofali la kuchoma pia inakula saruji, kwenye kujengea na kwenye lipu. Hatuchagui kati ya saruji na kutokuwa na saruji. Tunachagua kati ya saruji pamoja na msitu, au saruji peke yake na kwa kipimo.

Ya nne haitamkwi hadharani, ila ndiyo yenye nguvu: kwamba tofali la udongo ni la maskini. Francis Kéré alizaliwa kijiji cha Gando, Burkina Faso, akaenda kusomea usanifu majengo Ujerumani, na akiwa bado masomoni akawajengea watoto wa kwao shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Aliijenga kwa matofali ya udongo wa palepale yaliyoongezwa saruji kidogo, akainua paa la bati juu ya dari ya matofali ili hewa ya moto itoke katikati. Wanakijiji wenyewe ndio waliobeba na kupanga. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, ya juu kabisa kwa wasanifu majengo duniani, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Shule ya udongo ilimfikisha huko. Hapa kwetu ofisa anayeendesha gari la Serikali hadi kijijini anawaambia wananchi kuwa udongo ni umaskini, na wananchi wanamwamini kwa sababu ofisi yake mwenyewe imejengwa kwa tofali la kuchoma. Ndiyo sababu nasema jengo la Serikali litangulie. Watu hawafuati kipeperushi, wanafuata jengo wanaloliona.

Kilosa imeshawahi kuonyesha njia

Asiseme mtu kwamba vijiji vya Kilosa haviwezi mpangilio. Kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, pamoja na mtandao wa vijiji wa MJUMITA, kwa ufadhili wa Serikali ya Uswisi, waliendesha mradi wa mkaa endelevu katika vijiji vya wilaya hii, Ulaya Mbuyuni na Ihombwe vikiwa miongoni mwake. Kijiji kilitenga msitu wake kisheria, kikapima vitalu vya mita 50 kwa 50, kikakata kimoja na kuacha cha jirani, na kitalu kilichokatwa kikapangiwa kupumzika miaka 24 ili visiki vichipue. Kwenye miteremko mikali na kando ya vyanzo vya maji hakukatwi. Ushuru ulibaki kijijini, ukajenga madarasa na ofisi, na watu wakaona kwa macho yao kwamba msitu unaotunzwa unalipa.

Mpango ule unafaa misitu ya miombo ya uwanda wa chini, ambayo ikikatwa inachipua haraka. Msitu wa mlimani wenye ukungu, ule unaolinda chemchemi za Lumuma, hauna tabia hiyo. Kwa hiyo hata ukiruhusu kuni za tofali kwa mpangilio huko bondeni, au ukawahimiza wakulima wa mpunga watumie pumba kuchomea, kama inavyofanyika kwenye maeneo mengine ya mpunga nchini, mlimani jibu ni moja: moto uzimwe.

Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Ni mkakati mzuri na umeanza kubadili majiko ya shule na magereza. Lakini unahusu jiko, hauhusu tanuri la tofali. Tunaweza kufika mwaka 2034 mpishi wa shule anatumia gesi, na darasa lililo nyuma yake limejengwa kwa matofali yaliyoteketeza miti mingi kuliko aliyopikia maisha yake yote. Huo utakuwa ushindi gani?

Desemba 3, 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 walifariki. Jiolojia ya Hanang si ya Rubeho, na sitaki kutisha watu kwa kulinganisha visivyolingana. Nakumbusha tu kwamba Serikali ililazimika kuwajengea manusura nyumba mpya, na kwamba mara nyingi bajeti ya maafa huwa kubwa kuliko bajeti ya kuzuia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi ya kuanza nayo

Kwa wenye mamlaka ombi langu ni dogo kwa makusudi. Madiwani wa Kilosa, pamoja na wabunge wa majimbo ya Kilosa na Mikumi, waelekeze kwamba darasa litakalofuata kujengwa Lumuma lijengwe kwa matofali ya kufungamana, vijana wa kata wakiyafyatua na fundi wa kata akiyajenga. Liwe na dari. Liwe na mifereji ya bati na tangi la kukinga mvua ili watoto wanawe mikono. Lijengwe mbali na mto, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Serikali haiwezi kumwondoa mkulima kwenye mita hizo huku yenyewe imejenga humo. Mhandisi wa wilaya aandike gharama zote, ikiwamo ya usafiri, na azibandike ukutani kwenye ofisi ya kata, kando ya gharama za darasa la tofali la kuchoma. Wananchi wa Lumuma wanapima magunia ya vitunguu na kubishana na wanunuzi wa lumbesa kila msimu, hesabu ya darasa haitawashinda.

Likifaulu, lifuate la pili. Likishindwa, tujue limeshindwa wapi, kwenye udongo, kwenye fundi au kwenye usimamizi, na tulirekebishe. Amri ya kupiga marufuku ije baadaye sana, baada ya mashine kufika na vijana kujua kazi, kwa sababu marufuku bila mbadala humtajirisha mpokea rushwa wa kizuizini na kumwacha mjenzi na matofali mabichi yanayolowa.

Na wewe ndugu msomaji unayepanga kujenga kiangazi hiki, iwe Lumuma, Kidete au Mikumi, usilipe kwanza trekta la magogo. Chimba shimo kiwanjani kwako, tia udongo kwenye chupa ya maji, uangalie kesho yake. Ukiona unafaa, kusanya majirani watatu wanaojenga mwaka huu kama wewe, mwende pamoja kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulizie mkopo wa mashine.